Shingo ya mtoto: rovu ni rovu, kikoromeo ni kikoromeo



Juma hili tunajibu ulizo la mama mmoja. Mtoto wake, aliyelelewa kama mwanaume, anafunga kitambaa shingoni hata kwenye jua kali. Anasema donge la kooni linamtesa, kwa maana moyoni anajijua kuwa msichana, na amesikia kwamba ng'ambo wanalipunguza. Mama anauliza: huo ni ugonjwa? Na ni kweli linapunguzwa?

Tuanze na ugonjwa. Huku kwetu shingo ikiwa na donge, kila mtu anasema goita, yaani rovu. Tuna sababu. Miaka ya 1960 wataalamu wa Lwiro, hapa karibu, walichunguza rovu kisiwani Idjwi. Kaskazini walikuta watu wengi sana wenye shingo zilizovimba, kusini-magharibi wachache, ingawa iodi ilikosekana pande zote mbili. Walionyesha kwamba mihogo inachangia: sumu yake, isipoondolewa vizuri, inazuia mwili kutumia iodi kidogo iliyopo. Ndiyo maana hatuchoki kusema: chumvi yenye iodi, na mihogo ilowekwe siku za kutosha.

Kikoromeo ni kitu kingine. Kiko katikati ya shingo, kigumu kama gegedu ya sikio. Rovu liko chini yake, na mara nyingi linajitanua kulia na kushoto. Vyote viwili hupanda mtu akimeza, basi msijipime kwa kumeza tu. Wasichana nao wana kikoromeo. Kwa wavulana kinajitokeza zaidi wakati wa kubalehe, sauti inapokuwa nzito. Si ugonjwa.

Na kupunguzwa? Ni kweli. Upasuaji huo ulielezwa na madaktari Wolfort na Parry katika jarida la kitabibu mwaka 1975. Daktari anapasua kidogo, chini ya kidevu au kwenye mkunjo wa shingo, anasogeza misuli, kisha anachonga ukingo wa juu wa gegedu. Hakiondoi chote. Nyuma ya gegedu hiyo ndipo nyuzi za sauti zimeshikizwa. Akichonga kupita kiasi, sauti inaweza kuharibika kabisa. Tena, mtoto asidhani kwamba sauti yake itakuwa nyembamba. Upasuaji huu unabadilisha umbo la shingo tu. Sauti ina mazoezi yake. Nao hufanywa mwili ukishamaliza kukua.

Kwa hiyo, mama, mtu yeyote asikudanganye kwamba atalikata donge hilo nyumbani kwa wembe, au kulichoma kwa dawa. Shingoni mna mishipa mikubwa ya damu na njia ya pumzi. Hapo mtoto hupoteza sauti, au uhai.

Cha kufanya sasa: mpeleke kwanza hospitali ya Katana, FOMULAC, wampime shingo, tujue kama hakuna rovu. Kisha kaa naye, umsikilize. Usimvue kitambaa mbele za watu, wala usiache wadogo zake wamcheke. Mtoto anayechekwa nyumbani ndiye anayemkimbilia mwenye wembe.

Tena si yeye peke yake. Huko Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mwanaume, alienda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha shule. Aliomba karatasi tu, ili apate kazi na kuishi kama watu wengine.

Pengine mtoto wako atafika siku moja kwa daktari wa kweli, pengine hatafika. Lakini kuitwa mezani kwa upole hakungojei hospitali. Mama, hilo uko nalo mkononi leo.

Tuonane juma lijalo.