Jaji Anayenyamaza Naye Ameamua

Imani moja imeota mizizi kwetu Rwanda, kuanzia Busasamana hadi Kigali: kwamba jaji mwema huisoma sheria ilivyoandikwa, huitekeleza, basi. Akithubutu kusema kifungu fulani kinavunja Katiba, huambiwa amewapora wabunge kazi yao. Hakupigiwa kura; anapata wapi ubavu wa kuwapinga waliopigiwa? Maneno haya yanasikika kama utetezi wa wananchi, kumbe yanawaacha wananchi bila mlinzi.

Chukua ugomvi wa shamba la viazi hapa Busasamana. Tangu sheria ya mwaka 1999, binti ana haki ya kurithi sawa na kaka yake. Abunzi, wapatanishi wa mtaani, wakikataa madai ya binti kwa kuwa hawataki kuingilia mambo ya familia, wameshaingilia: wamempa kaka shamba lote. Kunyamaza kwao ni hukumu, na daima hukumu ya namna hiyo humpendelea mwenye nguvu.

Ndivyo ilivyo hata kwenye mahakama za juu. Kanuni ya adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018 ilifanya kumdhalilisha kiongozi wa umma, hata kwa katuni, kuwa jinai. Wakili Richard Mugisha aliipinga, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu hicho, cha 233. Lakini kifungu cha 236, kilichomtishia anayemtukana Rais kifungo cha miaka mitano hadi saba, ikakiacha. Mara Ofisi ya Rais ikatangaza kwamba inaheshimu uhuru wa mahakama, ila Rais anaona jambo hilo ni la madai, si la jinai. Majaji walikuwa waangalifu kuliko hata yule ambaye kifungu kilimlinda! Rais hakuuhitaji ulinzi huo. Aliyeuhitaji ulinzi wa mahakama ni raia, naye akaukosa.

Tanzania iliuona mkasa huo mapema. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi, akashinda Mahakama Kuu, na Bunge likabadili Katiba ili kuufunga mlango. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Bunge lilelile lililolalamikiwa! Huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ilisema haki za Mtikila zimevunjwa. Alifariki mwaka 2015 mlango ukiwa bado umefungwa.

Ni kweli jaji ana mipaka. Si kazi yake kupanga bajeti, kuchagua sera ya kilimo wala kuingiza matakwa yake ndani ya Katiba. Lakini hofu ya utawala wa majaji imetiwa chumvi mno. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinavunja Katiba, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Rufaa ya serikali ikatupwa Oktoba 2019. Muda uliotolewa ulipita bila Bunge kurekebisha sheria. Jaji hana hazina, hana polisi, hana jeshi. Ana sababu alizoandika tu, na sababu hizo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzipinga.

Basi tuwabane majaji hapo hapo. Hukumu inapotoka, tusiulize kwanza imemkera nani serikalini. Tuulize: imetaja ibara gani ya Katiba, imejibu hoja gani, imemwacha nani bila haki? Jaji aliyejibu maswali hayo ametimiza kazi yake, hata kama Bunge zima limenuna. Aliyeyakwepa kwa kisingizio cha unyenyekevu ameitelekeza kazi tuliyompa.