Dizeli au Petroli? Pikapu ya Kupeleka Nyumbani



Wasomaji wetu wapenzi, tunaingia moja kwa moja katika swali lililotufikia kutoka kwa familia zaidi ya moja hapa Uingereza. Ndugu wamechangishana fedha, na wanataka kumpelekea mwenzao aliye Mombasa, Tanga au Unguja pikapu ya kutafutia riziki. Wamekubaliana katika kila jambo isipokuwa moja: injini iwe ya dizeli au ya petroli? Wazee husema dizeli, kwa kuwa ndiyo injini ya kazi. Vijana husema petroli, kwa kuwa haina makuu. Mazungumzo hugeuka ushabiki, na fedha hubaki benki au, vibaya zaidi, hununuliwa gari la yule aliyepaza sauti kuliko wenziwe.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: injini haichaguliwi kwa sifa zake, bali kwa kazi itakayoifanya, kwa mafuta itakayotiwa na kwa fundi atakayeifungua. Mambo yote matatu yako huko gari liendako, wala hayako huku linakonunuliwa. Tuyaeleze kwa utaratibu.

TOFAUTI YENYEWE

Injini ya petroli tunayoijua leo asili yake ni ile ya Mjerumani Nikolaus Otto ya mwaka 1876. Kwa kawaida huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, pistoni huushindilia mchanganyiko huo hadi ujazo wake upungue kiasi cha mara 10, kisha cheche ya plagi huuwasha.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifuata njia nyingine. Injini yake iliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897 haikuhitaji cheche. Injini ya namna hiyo hushindilia hewa tupu kwa nguvu zaidi, mara 15 hata 20, mpaka hewa hiyo ipate moto wa kuyawasha mafuta yanapopulizwa ndani. Bwana huyu hakuishi kuyaona malori yaliyolieneza jina lake duniani: alitoweka baharini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akiwa melini kuja hapa Uingereza.

Kutokana na tofauti hiyo moja huzaliwa nyingine zote. Dizeli hunywa kidogo, kwa sababu mshindilio mkubwa huitoa kazi nyingi katika mafuta, na pia kwa sababu lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa kiasi cha asilimia 10 au zaidi. Kadhalika dizeli huvuta mzigo bila kupiga kelele ya kukata tamaa. Tutazame Toyota Hilux: injini yake ya petroli ya lita 2.7 hutoa takriban nguvu za farasi 166, na ile ya dizeli ya lita 2.4 hutoa 150. Mtu angedhani petroli imeshinda. Lakini nguvu ya kuzungusha magurudumu, ipimwayo kwa newton-mita, ni kiasi cha 245 kwa petroli na 400 kwa dizeli. Tena dizeli huitoa mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole, ilhali petroli husubiri mpaka injini izunguke mbio. Mwenye kupanda mlima na magunia ya viazi huijua tofauti hiyo bila ya kusoma tarakimu.

Mbona basi tusinunue dizeli sote tukamaliza? Kwa sababu mshindilio huo hudai chuma kizito, turbo, na pampu inayosukuma mafuta kwa shinikizo lizidilo la hewa tunayovuta zaidi ya mara 1,500. Nozeli zake zina matundu membamba mno. Dizeli hudumu sana ikitunzwa, lakini ikiharibika haiharibiki kwa bei ya plagi.

TUHESABU KWA LITA

Bei za mafuta nyumbani hutangazwa upya kila mwezi. Kenya ni katikati ya mwezi, Tanzania Bara ni Jumatano ya kwanza. Kwa hiyo hesabu ya shilingi huchakaa upesi. Sisi twapendelea kuhesabu kwa lita.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba pikapu ya petroli hunywa lita 12 kwa kilomita 100, na ya dizeli yenye ukubwa ule ule hunywa lita 9. Faida ni lita 3. Tuseme tena kwamba ile ya dizeli imezidi bei kwa kiasi cha kununulia lita 1,500 za mafuta, na kwamba lita ya dizeli na ya petroli zakaribiana bei, kama ilivyo aghalabu nyumbani.

Ndugu anayepakia mboga Lushoto na kuzishusha Tanga hukosi kumkuta ametimiza kilomita 20,000 kwa mwaka. Yeye huokoa lita 600 kila mwaka, na ile ziada ya bei humrudia katika miaka miwili na nusu. Baada ya hapo ni faida tupu. Lakini ndugu anayesambaza mikate na maji ya kunywa baina ya Bububu na Darajani huenda hatimizi kilomita 5,000. Yeye huokoa lita 150 kwa mwaka, na itampasa angoje miaka kumi. Nozeli moja ikiharibika katikati ya miaka hiyo, hesabu yote imekufa.

Kila familia ikae na karatasi na kalamu iweke tarakimu zake yenyewe. Swali la kwanza la kumuuliza ndugu yenu kwa simu ni hili: "Kwa siku utakwenda kilomita ngapi, na umebeba nini?"

MTEGO WA PIKAPU ZA UINGEREZA

Hapa tunaomba msomaji atulie, maana ndipo fedha za wengi zinapozama.

Pikapu zinazouzwa Uingereza karibu zote ni za dizeli. Tangu Septemba 2016 pikapu mpya zinazosajiliwa hapa hupaswa kufikia kiwango cha moshi kiitwacho Euro 6. Ili kukifikia hufungwa chujio la masizi katika bomba la moshi, na nyingi huwa na tangi la pili la maji ya yurea yauzwayo kwa jina la AdBlue. Nayo Kenya haipokei gari lililopindukia miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Unganisha mambo hayo mawili: pikapu yoyote ya Uingereza ambayo umri wake unakubalika Mombasa leo ni ya Euro 6, na aghalabu ina vifaa hivyo.

Si vifaa vibaya; huku vinatulinda sisi na watoto wetu. Ila vina masharti. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa moto mkali, na moto huo hupatikana gari likienda mwendo wa kutosha kwa muda wa kutosha, kama dakika 15 hadi 20 katika barabara kuu. Gari la kusimama kila duka halifiki hapo. Chujio huziba, taa huwaka, nguvu hupungua, na mwisho gari hukataa. Yurea nayo ikimalizika, kompyuta huizuia injini isiwake tena, hata kama tangi la dizeli limejaa pomoni.

Sharti la tatu ni mafuta. Injini hizi zilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ndicho kiwango cha Ulaya tangu mwaka 2009. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipiga hatua kubwa mwaka 2015 ziliposhuka hadi sehemu 50, lakini 50 si 10, na salfa hudhoofisha vichocheo vinavyosafisha moshi. Ulizeni kiwango cha mafuta yanayouzwa huko sasa kabla ya kulipa, wala si baada ya meli kung'oa nanga.

Tena kuna mafuta yaliyochakachuliwa. Kenya ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018, shilingi 18 kwa lita, kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli na kuiuza. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli ilainishavyo. Injini kuukuu ya dizeli hukohoa ikaendelea. Hii ya kisasa, yenye matundu membamba na shinikizo kubwa, hufa.

Ipo pia njia ya mkato inayosifiwa sana gerejini: kulitoboa au kuling'oa chujio. Gari huenda, ni kweli. Lakini masizi yote hutoka nje. Mnamo Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuthibitisha moshi wa dizeli kuwa ni chanzo cha saratani kwa binadamu. Hapa Uingereza gari lililong'olewa chujio halipiti ukaguzi wa kila mwaka, tangu Februari 2014. Jambo tusiloliruhusu lipite mbele ya madirisha yetu, tusilichangie lipite katika vichochoro vya jamaa zetu, ambamo watoto hucheza hatua mbili kutoka bomba la moshi.

Kwa sababu hiyo hiyo tahadharini na rahisi za London. Eneo la kutoza magari ya moshi mchafu lilipanuliwa hadi mitaa yote ya jiji tarehe 29 Agosti 2023. Dizeli isiyofikia Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa siku, ilhali petroli husamehewa hata ikiwa ya Euro 4. Dizeli kuukuu zikawa mzigo kwa wenyewe. Kenya haizipokei kwa umri wake, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Piga jumla ya nauli ya meli na ushuru, kisha utazame kama ile rahisi ingali rahisi.

BASI TUFANYEJE?

Kwanza, kwa kazi ya shehena nzito, milima na masafa marefu, dizeli ndiyo yenyewe. Lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, inunuliwe huko huko hata kama ni ya mkono wa pili. Kupeleka fedha ni wepesi kuliko kupeleka chuma.

Pili, kwa kazi ya mjini, mizigo midogo na kusimama mara kwa mara, petroli inatosha na kubaki. Watu wa Tanzania wanazijua vizuri zile Suzuki Carry ndogo wanazoziita kirikuu. Zile za Japani zina injini ya petroli ya sentimita za ujazo 660, usukani wake uko kulia, na kwa sheria ya huko hubeba kilo 350. Asitokee mtu akaipakia tani moja kisha akailaumu petroli.

Tatu, wenye jamaa Oman na Ghuba watavutiwa na pikapu za petroli za huko, ambazo ni nyingi na nzuri. Usukani wake uko kushoto, na Kenya haziruhusiwi kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida. Msianze safari hiyo.

Nne, kabla ya kuchagua gari, mchague fundi. Ndugu yenu aende gerejini aulize: unaweza kupima pampu na nozeli? Una kompyuta ya kusomea hitilafu? Spea hupatikana hapa au huagizwa? Ikiwa jawabu ni "tutajaribu", basi injini ya kisasa ya dizeli si yenu.

Tano, msitumie mchango wote kwa ununuzi. Wekeni fungu la matengenezo mapema, na liwe kubwa zaidi ikiwa mmechagua dizeli. Chujio la mafuta na la kutenga maji hubadilishwa kwa wakati, si mpaka gari lizime.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulio huku twaziona barabara za nyumbani kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hazina mashimo. Yule atakayeliamkia gari alfajiri, akalipakia na kulisukuma likikwama, ndiye mwenye haki ya neno la mwisho. Fedha zilizochangwa ni amana ya watu wengi, wengine wao wanafagia maofisi usiku ili watoe fungu lao. Heshima ya amana hiyo ni kumsikiliza dereva kabla ya kumnunulia.

Mwezi ujao, inshallah, tutaendelea na hati za umiliki: jina la nani liandikwe katika kadi ya gari la ndugu saba? Leteni maswali yenu kama kawaida.