Ree mbili mkononi, na bado anafungwa

Mzazi, kijana akikuambia kwenye poka ya simu kuna karata zisizofungwa, muulize anacheza na wangapi. Katika Texas Hold'em kila mchezaji huanza na karata mbili, na ree mbili ndizo bora kabisa; huzipati ila mara 1 katika migao 221. Dhidi ya mpinzani mmoja hushinda karibu mara 85 kwa 100. Wapinzani tisa wakibaki hadi mwisho, mara 31 hivi tu. Ndiyo maana wazoefu hupandisha dau mapema, wengine wajitoe. Lakini kufungwa kupo, na hapo ndipo ninapoogopa: kijana anajiona kaonewa, anatia pesa zaidi azirudishe zilizokwenda. Akisema "nilikuwa na karata nzuri," angalia salio lako kabla ya kumpa pole.