Mnyororo Ulikatwa, Kiboko Kimebaki



Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora hata Ujiji, inakumbukwa kwa pembe za ndovu na kwa mnyororo. Mtumwa alipita Unyanyembe akiwa amefungwa shingo. Mjerumani alipomshinda Mtemi Isike mwaka 1893, alijidai adui wa utumwa. Lakini wafungwa wake naye aliwatia minyororo shingoni, na mgongo wa Mwafrika ukafundishwa kuhesabu “hamsa ishirini”.

Mwingereza alikuja na karatasi. Kwanza alitumia sheria ya adhabu ya India. Kisha, mwaka 1930, akaweka kanuni iliyofuata mfano wa Queensland, Australia. Huo ndio mzizi wa Sura ya 16 tuliyo nayo. Mwaka 1958 sheria za Mwingereza zilimpandisha Mwalimu Nyerere kizimbani kwa kosa la kashfa, akatozwa shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita.

Hayo ni ya wakoloni. Lakini tuseme kweli hata ikiuma: viboko vya mwaka 1963 hatukuletewa na mgeni. Bunge letu wenyewe, kwa hasira dhidi ya wezi na wala rushwa, liliamuru viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani, na 12 siku ya kutoka. Mwaka 1972 viliondolewa. Mwaka 1989 vikarudishwa. Dawa inayoponya haihitaji kurudiwa namna hiyo.

Wako wanachama watakaotuuliza: Je, mwizi wa ng’ombe abembelezwe? Hasha! Afungwe. Lakini mwulizeni mfugaji wa Igunga aliyeamka akakuta zizi tupu. Mgongo wa mwizi ukipasuka, yeye hapati hata tone la maziwa. Anachotaka ni ng’ombe wake, au fidia yake. Wazee wetu walijua kwamba kesi haijaisha mpaka aliyedhulumiwa amerudishiwa chake.

Na hukumu ya kifo je? Tangu mwaka 1994 hajanyongwa mfungwa, lakini kifungu cha 197 humlazimisha jaji kutamka kifo kwa kila muuaji, awe amepanga njama mwaka mzima au amesukumwa na mateso ya miaka. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ilisema kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi. Jaji asiyeruhusiwa kupima, amekaa pale kwa kazi gani?

Sisi tunadai mambo matatu. Viboko vifutwe katika sheria za adhabu. Jaji apewe uhuru wa kupima kila kesi ya mauaji. Fidia kwa aliyedhulumiwa iwe sehemu ya hukumu, na wenye makosa madogo watumikie jamii, kama sheria ya mwaka 2002 inavyoruhusu, badala ya kurundikwa magerezani.

Wananchi, Januari 1958 wazee wa TANU walikutana hapa hapa Tabora. Wengi waliingia mkutanoni na hasira juu ya kura tatu. Wakatoka na uamuzi wa busara, na nchi ikapata Uhuru. Hasira ilikuwa halali, lakini haikuachiwa kuamua. Basi na isiachiwe kututungia sheria.