Njia Iliyopita Kwetu

Mfanyakazi wa Singida aitwaye mkutanoni Dar es Salaam, akipata siku moja ya mapumziko, wenyeji wake humpeleka Bagamoyo. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Huondoka asubuhi, na jioni amekwisha rudi. Huonyeshwa magofu ya Kaole, boma la Wajerumani, na misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako maiti ya Livingstone ilifikishwa mwaka 1874, ikiwa imechukuliwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka bara.

Ni vyema. Lakini je, mgeni huyo huambiwa kwamba njia inayoishia pale ufukoni ilipita kwao? Wapagazi wenye pembe mabegani, na watumwa wenye minyororo shingoni, walikanyaga nchi ya Manyoni kabla ya kuiona bahari. Kilimatinde palikuwa kituo chao. Wajerumani waliokufa Bagamoyo wana makaburi yenye majina, wapagazi hawana. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ikiwa imepita Manyoni, misafara ilikwisha na Kilimatinde ikaachwa kando.

Mwaka 2006 Serikali iliipendekeza njia hiyo iwe Urithi wa Dunia, na Kilimatinde imo pamoja na Bagamoyo. Basi viongozi wa Mkoa wa Singida watwambie: ni watoto wangapi wa shule zetu waliokwisha kupelekwa Kilimatinde, wakashinda huko kutwa wakielezwa habari za babu zao? Tunauliza waziwazi, na tungependa kujibiwa.