Gemu za watoto wachanga zinamfundisha nani?

Michezo ya kompyuta inayouzwa kwa ajili ya watoto wachanga huja na ahadi ileile: mtoto agonge skrini, herufi iruke, ng'ombe alie, na akili ichanue kabla hata meno hayajatimia. Ahadi hiyo ina umri mkubwa kuliko simu janja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi wa Marekani walikuwa wakiuziwa gemu za kuchezwa mtoto akiwa amepakatwa mbele ya kompyuta, pamoja na video za Baby Einstein, chapa iliyonunuliwa na Disney mwaka 2001. Watetezi wa watoto walilalamika kwamba manufaa ya kielimu yaliyokuwa yakitangazwa hayana ushahidi, na mwaka 2009 Disney ikatangaza kuwarudishia fedha wanunuzi waliotaka kurejesha diski zao. Haikukiri kosa, lakini fedha ilitoa. Leo bidhaa ya aina hiyohiyo imehamia kwenye vishikwambi na simu zetu, na naona tunaipokea bila kuuliza yale waliyouliza wenzetu.

Swali ni moja tu: mtoto wa chini ya miaka miwili hujifunza kutoka kwa nani? Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha jaribio lililowahusu watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja lilicheza na kusomewa vitabu na watu waliokuwa wakizungumza Kichina, katika vikao 12. Kundi jingine lilipewa maneno yaleyale kwa video au kwa sauti iliyorekodiwa. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama au kusikiliza mashine hawakuwazidi watoto ambao hawakuwahi kukisikia kabisa. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake wakapima video ya kufundisha maneno kwa watoto wa kati ya miezi 12 na 18. Baada ya mwezi mzima, watoto walioitazama hawakujua maneno mengi kuliko wasioitazama. Waliofanya vizuri kuliko wote ni wale ambao wazazi wao waliwafundisha maneno hayo wenyewe, bila video yoyote. Kinachonivutia zaidi ni kwamba wazazi walioipenda video ile ndio walioamini kwamba watoto wao wamejifunza sana. Sisi watu wazima ndio tunaoridhishwa na bidhaa hizi.

Mtengenezaji wa gemu atanijibu kwamba video hunena peke yake, ilhali gemu humjibu mtoto anapoigusa. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kutoka kwa mtu aliyekuwa akizungumza nao moja kwa moja kwa simu ya video, sawa na walivyojifunza kutoka kwa mtu aliyekaa nao chumbani, ila hawakujifunza kutoka kwa video iliyorekodiwa. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe na skrini isipokuwa simu za video. Baba aliyeko Muscat au Doha anayemwita mwanawe kwa jina na kucheka naye anamfaa mtoto huyo kweli. Gemu haimjui. Inacheza muziki uleule, awe ameelewa au amegonga kwa bahati. Tena kuna tatizo la kuhamisha ujuzi: watoto wa miezi 15 walioonyeshwa namna ya kubonyeza kitufe kwenye picha ya skrini walihangaika kufanya hivyo kwenye kichezeo halisi. Uwezo huo huanza kukomaa baada ya miaka miwili, na hapo ndipo ninapoanza kukubaliana na watengenezaji.

Wapo watakaonikumbusha Tanga. Ni kweli, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji vya mkoa huo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuketi darasani, na wengi walianza kusoma. Vipindi vya Akili and Me vya shirika la Ubongo, Dar es Salaam, navyo vimepimwa Morogoro na kuonekana kuwasaidia watoto wa chekechea. Nayasifu yote mawili. Lakini watoto wa Tanga walikuwa wa umri wa kwenda shule, na Akili and Me hulenga miaka mitatu hadi sita. Ushahidi wa mtoto wa miaka tisa hauwezi kukopeshwa kwa mtoto wa miezi tisa. Tanga inajibu pia hofu ya kwamba asiyeanza mapema atabaki nyuma, kwa sababu watoto ambao hawakuwahi kushika kifaa kama hicho walikizoea wakiwa wakubwa. Mtoto wa miezi kumi akitelezesha kidole na picha ikabadilika, sifa ni ya mhandisi aliyeirahisisha skrini.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki maabara. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri, au dada wa kazi aliyeachiwa watoto watatu na sufuria motoni, atasema haya ni maneno ya wenye nafasi. Simlaumu. Mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa yuko hatarini, na dakika kumi za katuni zinazomtuliza mahali pamoja hazimharibu. Wala sidai kwamba skrini hupumbaza. Tafiti zilizojaribu kuonyesha madhara hayo bado zinabishaniwa. Ila hapo simu imefanya kazi ya yaya, na mzazi asilipishwe ada ya mwalimu. Kumsemesha mtoto huku unachambua mchele, kumtajia kijiko, maji, paka anayepita, hakuhitaji bando wala muda wa ziada.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Naukubali mpaka huo, na naongeza sharti: baada ya miaka miwili gemu iwe fupi, iwe katika lugha ya nyumbani, na mtu mzima awe kando akiuliza na kujibu. Anayeuza gemu kwa jina la elimu aandike wazi imepimwa kwa watoto wa umri gani na walijifunza nini. Mzazi asipoyaona maandishi hayo, abaki na fedha zake.