Chujio na Masikio

Hoja kwamba kubadili chujio la kigeuzi cha sauti, yaani kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, hubadili muziki wote, inapuuza hesabu. Rekodi yenye sampuli 44,100 kwa sekunde haibebi mitetemo inayozidi 22,050 kwa sekunde, na chujio kali hufanya kazi karibu na mpaka huo, ilhali masikio ya watu wazima wengi hukoma chini ya 17,000. Chujio legevu, linaloanza kupunguza sauti mapema, huenda likatambuliwa na kijana mwenye masikio mazima, hilo likubaliwe. Lakini anayedai kwamba ngoma ya Wanyaturu iliyorekodiwa Ilongero hupata uhai kwa kubonyeza tu kitufe cha kubadili chujio, na ailinganishe bila kujua ni chujio lipi linalotumika, ukubwa wa sauti ukiwa umesawazishwa kwa kipimo.